Bibi wa Papa Hamissi

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo mpango umezaliwa. Tena mpango wa maana, si kama ule wa kuwauzia Wabelgiji karanga mlangoni mwa metro. Zulekha amepata ukumbi Laeken, hapa Brussels. Jumapili ya tarehe 12 chama chetu cha Waswahili kitaonyesha filamu fupi za wanajeshi wastaafu wakisimulia maisha yao. Yeyote mwenye kamera au simu anaruhusiwa kuleta yake. Filamu itakayopendeza zaidi itafungua onyesho, na mwenye nayo atakaa mbele ya watu wote, kwenye kiti cha kando ya Zulekha, kujibu maswali.

Kiti cha kando ya Zulekha! Mwaka mmoja na miezi minne nimekuwa nikikaa safu ya nyuma kwenye mikutano ya chama, karibu na mlango, nikitazama mtandio wake. Ni Mkenya wa Nairobi, mjane, ana sauti ya taratibu. Akisema tu "haya, tuanze", kifua kinaniuma. Nampenda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma.

Mpinzani: Otieno, Mkenya mwenzake Zulekha. Ana kamera ya kweli. Ana stendi ya miguu mitatu. Ana kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola. Tayari amepata kanali mstaafu wa Kibelgiji, na anamtaja kila baada ya sentensi mbili. Isitoshe, ana bibi yake hapahapa Brussels! Leo alileta chapati mkutanoni, akatuambia bibi yake ndiye kazipika asubuhi na ndiye kamleta kwa gari. Bibi anayeendesha gari katikati ya tramu! Nilimwambia ampe heko zangu, akashukuru. Wangu yuko Songea, ana miaka themanini na sita, hata baiskeli hajawahi kupanda.

Mchana nikaenda kutafuta mwanajeshi wangu. Mtu mmoja wa kazini alinielekeza kwa mzee wa Kibelgiji huko Jette, miaka tisini na tisa, alipigana ile vita kuu akiwa kijana. Kwenye simu nilimtajia jina la ukoo tu, Haule. Nikavaa koti. Nikapiga kengele. Akafungua mwenyewe, kanyooka, medali kifuani. Nikampa mkono, nikasema kwa Kifaransa changu kizuri: shikamoo mzee wangu, naitwa Adolf, nimekuja kwa ajili ya vita.

Mlango ukafungwa.

Nilipiga magoti nikajieleza kupitia tundu la barua. Nilimwambia jina si kosa langu, nilipewa na padri wa parokia yetu, Mjerumani mwema sana. Nadhani lile neno Mjerumani halikusaidia.


Jumapili, 5 Oktoba

Kazini. Nasukuma toroli la chakula hospitalini, ghorofa ya nne. Chumba cha mwisho kina mgonjwa mpya, mzee Mkongomani, papa Hamissi (kwao papa ni baba), miaka sabini na tisa. Anakula supu ya kusaga tu, koo linamsumbua. Nilipomsalimu kwa Kiswahili alinishika mkono, akakataa kuuachia, kijiko nikiwa bado nimekishika. Kando ya kitanda nikaona picha ndogo: kijana mwenye sare, redio mgongoni. Kumbe mzee alikuwa sajenti katika jeshi la Zaire. Mtu wa redio!

Ahsante Mungu. Otieno akae na kanali wake.

Nesi Inès aliruhusu tukae kwenye sebule ya wageni baada ya zamu yangu, mradi mzee asichoke. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya maji. Mimi nilitaka mabomu. Mzee akanipa maharage: maharage ya kambini, maharage yaliyochelewa, maharage yaliyoletwa bila chumvi. Kisha akanieleza kazi ya redio. Unabonyeza kitufe, unasema. Ukimaliza unasema "à vous", yaani sasa zamu yako, halafu unaachia kitufe na kunyamaza. Usiponyamaza humsikii mwenzako. Alilirudia hilo mara tatu, utadhani mimi ndiye kuruta.

Halafu akainama mbele, akaanza kumzungumzia bibi yake. Dakika kumi na saba!

"Bibi yangu, jina yake Nusura," alisema. "Nilimuacha ku Kalemie, juu ya vita. Nilimuambia: trois mois, miezi tatu tu, nitakuita. Sasa inafika vingt-sept ans, miaka makumi mbili na saba. Bon. Kwanza sikukuwa na makaratasi. Kisha nikakuwa na haya. Ile haya ndiyo ilinifunga kinywa, hata mbele ya hii kidonda ya koo kuanza."

Akaitazama simu yangu moja kwa moja na kumwambia huyo Nusura mambo mengi kwa sauti ya kukwaruza. Kwamba bado anamwona akicheka huku ameficha mdomo kwa kiganja. Kwamba akipita dukani akasikia harufu ya samaki mkavu husimama tu. Kwamba hakumtafuta mwingine. (Bibi mwingine unamtafutia wapi?) Mwisho akasema, "Nusura, à vous," akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu sana. Nilidhani amesinzia.

Hakuwa amesinzia. Alinigeukia, akanieleza shida yake. Ijumaa atapasuliwa koo. Daktari amemwambia wazi: huenda akatoka mzima, lakini bila sauti. Anataka maneno yale yamfikie Nusura kabla ya Ijumaa, ayasikie kwa sauti yake mwenyewe, na kama atajibu, yeye naye aweze kumjibu angali anayo. Mengine ya filamu nifanye nitakavyo. Nikasema ndiyo, papa. Ndiyo, bila wasiwasi.

Kwenye metro ya kurudi Anderlecht nikapiga hesabu. Mzee ana sabini na tisa. Mama yake angekuwa na mia moja. Bibi yake basi mia na ishirini. Maskini! Akili imeshaondoka. Machozi yalinitoka, kwa sababu nami ninaye bibi, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Kila Jumapili nampigia simu, na kila Jumapili ananiuliza nitamletea lini mke amwone kabla hajafa. Leo nimemwambia: karibu sana.


Jumatatu, 6 Oktoba

Kuhariri. Zulekha amesema filamu isizidi dakika kumi na mbili. Ninazo arobaini na moja. Nikakata maharage, nikabakisha yale ya bila chumvi. Nikakata bibi yote. Watu wanakuja kuona jeshi, hawaji kumwona mzee aliyechanganyikiwa akimlilia mtu wa miaka mia na ishirini.

Simu ikajaa. Na bado nilihitaji utangulizi: mimi mwenyewe, nimevaa koti, nimeegemea dirisha, nimezama katika mawazo. Nikazifuta zile dakika kumi na saba. Nafasi ikapatikana. Utangulizi umetoka vizuri mno kwenye jaribio la tisa. Yale manane sijayafuta, huenda Zulekha akapenda kuchagua.

Milio ya risasi ilinisumbua. Mwishowe nilinunua maputo, nikayapasua bafuni mbele ya simu. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Nimeuweka pia. Unafanana kabisa na mzinga.

Otieno amenitumia picha ya kanali wake, mwanga umemwangukia shavu moja tu. Anauliza mimi nimefikia wapi. Sijamjibu. Nimemwandikia tu kwamba wangu ana vita zaidi.


Jumanne, 7 Oktoba

Zulekha aliniita ofisini kwake Laeken aitazame. Mimi na yeye, meza moja, kompyuta moja! Ananukia karafuu. Penye maputo alikunja uso. Mwisho akasema imetengenezwa kwa bidii, ila haionyeshi moyo wa mzee. Huyu mzee ana nani? Hana watu?

Nikafikiri upesi. Nikamwambia ana uchungu mkubwa, usiosemeka. Anamlilia bibi yake, jina lake Nusura, ambaye bila shaka hayupo tena duniani. Zulekha akaweka mkono kifuani. Maskini, akasema, kumpoteza bibi yako ukiwa mbali hivi, hata kumzika hukumzika. Nikasema ndiyo hali ilivyo, kila bibi lazima afe, ni umri tu. Alinitazama kidogo. Nikaahidi kuongeza sehemu ya kumuenzi marehemu.

Kisha akaniuliza kwa upole: "Na wewe, Adolf, uko na bibi?"

Mwanamke akianza kuulizia watu wako, ujue ameshakuweka moyoni. Nikafungua moyo wote. Nikamwambia ninaye, yuko Songea, nampenda kuliko mtu yeyote. Kwamba kila Jumapili lazima tuongee, nisipopiga ananuna wiki nzima. Kwamba nikienda likizo nalala chumbani kwake kwa sababu anaogopa radi, na asubuhi namchua mgongo kwa mafuta ya nazi. Kwamba ana kawivu kidogo, lakini nina hakika akimwona yeye Zulekha atampenda tu.

Zulekha akazipanga karatasi zake, ingawa zilikuwa zimepangika. Akasema ni vizuri mwanaume kumpenda bibi yake namna hiyo, wengi wakifika Ulaya wanasahau. Aliponisindikiza mlangoni akasema kwaheri, kaka Adolf.

Kaka! Miezi yote nilikuwa Adolf tu. Sasa ni kaka. Tunakaribiana!

Nimerudi nyumbani mbio nikaongeza mwisho: mshumaa unaowaka, maua ya waridi, msalaba, na maandishi makubwa, PUMZIKA KWA AMANI BIBI NUSURA. Nimejiliza mwenyewe. Kisha nikamtumia Larissa, mwenzangu wa jikoni hospitalini, ambaye ni mzaliwa wa Kalemie na ana kundi la WhatsApp la watu wa kwao. Hakuwa na muda wa kuitazama, akairusha hivyo hivyo. Kabla ya chakula cha jioni walikuwa wameitazama watu mia tatu! Na ahadi yangu kwa papa Hamissi nimeitimiza: kitu kimefika Kalemie, tena siku tatu kabla.


Jumatano, 8 Oktoba

Maafa.

Larissa alinifuata kwenye mashine ya kuoshea vyombo, simu mkononi, uso umemvimba. Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mama mtu mzima, kali, na nyuma yake mafuta yanachemka kwenye karai.

"Niko Nusura wa Kalemie. Niko muzima. Ni nani ule mutu wa Bruxelles mwenye aliniua? Tangu asubui batu banakuya kwangu na mikeka ya kilio, banalia, na ni mie mwenyewe nabafungulia mulango. Mumoja alianguka. Na musalaba, alors? Mie ni Muislamu. Ule mutu aniite, aniambie Hamissi iko wapi."

Nikasema haiwezekani, majina tu yamefanana. Mtu wa miaka mia na ishirini anakaanga samaki? Larissa akanitazama. Akaniuliza mimi nadhani bibi ni nani. Nikasema bibi ni bibi, jamani, mama yake mama au mama yake baba.

Larissa akakaa chini, sakafuni, kwenye maji. Alicheka mpaka kofia ya jikoni ikamdondoka. Kisha akalia. Kisha akasema polepole, kwa utulivu wa mtu anayemweleza mgonjwa:

"Adolf. Kwetu bibi ni mwanamuke wako wa ndoa. Nusura ni mke yake. Umemuua mke ya mutu."

Mke! Nikaegemea mashine, ikaniunguza kiwiko, sikujali. Zile dakika kumi na saba zikanirudia zote, neno kwa neno. Trois mois. Vingt-sept ans. Hakumtafuta mwingine. Yule mzee hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Aliyechanganyikiwa alikuwa upande wa pili wa simu, akiwaza maputo.

Nao Wakongo na Kiswahili chao! Si wangesema mapema.

Larissa akaniamuru nizitume zile dakika sasa hivi, mama wa watu anangoja kusikia mumewe alimwambia nini. Nikasema zimefutika. Akauliza zimefutikaje. Nikasema mambo ya mitambo. Sikuweza kumwambia kwamba nilizifuta ili nipate kuegemea dirisha. Wala mzee hatujamwambia kwamba mkewe anamuulizia. Nilimsihi Larissa aniachie mwenyewe. Amekubali, kwa sharti kesho iwe kesho.

Mpango: mzee asijue kitu. Kesho baada ya zamu nitamwambia mwanga ulikuwa mbaya, arudie tu ile sehemu ya Nusura, nami niitume papo hapo. Ijumaa bado haijafika. Ninayo siku nzima.


Alhamisi, 9 Oktoba

Sikuwa na siku nzima.

Orodha ya chai niliisoma saa tatu na nusu, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa chooni nikiufanyia mazoezi uongo wangu wa mwanga mbele ya kioo. Chumba cha mwisho: asipewe kitu, anapasuliwa leo. Nikamkimbilia Inès. Akasema nafasi imepatikana mapema, mzee mwenyewe amekubali, anateremshwa sasa hivi.

Niliacha toroli katikati ya korido na vikombe arobaini vya chai. Nikashuka ngazi hadi jikoni, nikamshika Larissa mkono, tukapanda ngazi tena, wote wawili hatuna pumzi. Kitanda kilikuwa kimekwisha kutoka chumbani. Papa Hamissi alikuwa amevaa kofia ya karatasi. Aliponiona akainua kichwa, akauliza, kwa sauti iliyobaki, kama Nusura amejibu.

Uongo nilikuwa nao, nimeukariri. Mwanga. Ulikataa kutoka. Nikamwambia kweli yote palepale, nikitembea kando ya kitanda: kwamba nilidhani anamsema mama wa mama yake, kwamba nilifuta maneno yake, kwamba nimemzika mkewe kwa mshumaa na msalaba mbele ya Kalemie nzima. Alinitazama. Nilitamani anitukane, ningepumua. Aliuliza jambo moja tu.

"Ni muzima?"

Nikasema ni mzima, papa, tena ana hasira.

Inès akakisimamisha kitanda mbele ya lifti. Dakika mbili, akasema. Larissa akapiga Kalemie. Ikaita. Ikaita tena, nikaanza kusali sala zote ninazozijua na moja nisiyoijua vizuri. Halafu uso ukatokea: kilemba cha njano, miwani, ukuta wa bluu. Wakatazamana. Sekunde zilikuwa zinakwisha na mimi nilitaka kuwasukuma wote wawili.

"Nusura," mzee akasema. "Ni mie, Hamissi. Nilichelewa. À vous."

Akanyamaza, kama alivyonifundisha. Na yule mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena, akamtazama upya.

"Ulisema trois mois," akasema. "Mie nilihesabia. Bon. Kwenda bakupasue. Ukitoka bila sauti, haina neno, mie niko nayo ya kutosha sisi wawili. Mais utoke. À vous."

Mzee alitaka kujibu, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Akaweka kiganja chake chote juu ya kioo cha simu, akauficha uso wa mkewe kabisa. Hapo hapo milango ya lifti ikafunguka na Inès akasukuma.

Mimi wakati wote ule nilikuwa nimeinua simu yangu kwa mkono wa kushoto, nikirekodi. Filamu ya maisha yangu! Nilipoitazama ilikuwa imeandika: hakuna nafasi. Imejaa mimi, nimeegemea dirisha, mara tisa.

Nikakaa kwenye ngazi nikalia bila aibu. Sikulilia filamu. Nilitamani kuwe na mtu mahali fulani anayehesabu miezi kwa ajili yangu, anayeweza kunigombeza kwa sauti ile. Nilimtamani Zulekha mpaka mwili ukaniuma. Wale wameshikana miaka ishirini na saba bila hata kupigiana simu, na mimi siwezi kuvuka safu kumi za viti.

Msimamizi wa jikoni amenipa barua ya onyo kwa ajili ya chai. Ametaja vikombe vyote arobaini.


Ijumaa, 10 Oktoba

Papa Hamissi ametoka mzima. Sauti haikutoka naye.

Ana bomba dogo kooni na kibao cha kuandikia. Larissa amemwachia simu yake ya zamani. Mama Nusura anapiga kila baada ya sala na kuongea mfululizo: habari za paa linalovuja, za bei ya mkaa, za majirani waliokuja kumlilia wakamaliza wali wote na hawakuondoka hata walipomwona yuko hai. Mzee anamjibu kwa ukucha juu ya simu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Hayo wameyapanga wenyewe, sijui lini. Nilipopeleka supu alikuwa akigonga mara moja, anasikiliza, anagonga mara moja, na macho ameyafumba.

Nikamwomba msamaha tena. Akachukua kibao, akaandika polepole. Nilijua ni tusi, nikajiandaa. Aliandika: "Kama uko na mwanamuke unapenda, mwambie leo. Kwa kinywa."

Sikuwa nimemwambia habari za Zulekha! Au labda zinaonekana usoni. Nimeguswa hadi mifupani. Mzee amesema kweli kabisa. Leo! Kwa kinywa! Nimerudi nyumbani na kuanza hotuba mara moja. Nitaisoma Jumapili, mbele ya ukumbi mzima, nikipata kiti. Imefika kurasa nne na bado niko kwenye utangulizi wa mtandio.


Jumapili, 12 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Filamu ya Otieno ndiyo iliyofungua: kanali, mwanga mzuri, sauti safi, usingizi mtupu. Otieno akaenda kukaa kwenye kiti. Kiti changu! Alikuja na mwanamke kijana, viatu virefu, wameshikana mikono mbele za watu bila haya. Bibi yake hakuonekana. Nadhani ni miguu, umri ule. Lakini niliumia kwa niaba yake: kupika chapati zote zile, kuendesha gari, halafu siku ya sherehe unaachwa nyumbani.

Yangu ilikuwa ya tatu. Mshumaa na msalaba nimevitoa. Penye maputo watu walicheka, ufagio wakaupigia makofi. Ilipoisha nikasimama palepale safu ya nyuma na kuwasimulia yaliyotokea mbele ya lifti, kwa maneno tu, kwa kuwa picha sina. Nikawaambia trois mois. Nikawaambia ukucha juu ya simu. Vicheko vikaisha. Kuna mzee mmoja alivua kofia. Zulekha alilia waziwazi, mbele ya kipaza sauti, sote tukamsikia.

Baadaye alinifuata mwenyewe kwenye meza ya sambusa. Hotuba ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kurasa saba. Nikafungua kinywa. Akatangulia yeye. Akasema ile hadithi haitamtoka, na anataka nimwahidi kitu. Macho yake bado yalikuwa mekundu, alikuwa mzuri kupita siku zote, na alisimama mbali kidogo, kwa heshima.

"Kaka Adolf," akasema, "rudi kwa bibi yako. Usimwache huko miaka ishirini na saba. Yuko na bahati kuwa na wewe, wallahi."

Anamjali bibi yangu! Katika Brussels nzima, nani mwingine anamfikiria bibi wa mtu? Nikamwahidi. Hotuba nikaiacha mfukoni, haikuwa na kazi tena. Mambo haya yana hatua zake, na hatua ya familia ndiyo kubwa.

Nimefika nyumbani nikampigia bibi kabla ya kuvua koti. Nimemweleza kila kitu. Amepiga kigelegele, akauliza anaitwa nani, akauliza tena, akaniambia nisichelewe kama wanavyochelewa watu wa Ulaya. Na mimi nikamkumbuka papa Hamissi. Leo, alisema! Kwa kinywa, sawa, lakini kwa mkono naandika vizuri zaidi. Nimemtumia Zulekha ujumbe huu, nimeusoma mara tano, hauna kosa:

"Zulekha, nakupenda. Nimekupenda mwaka mmoja na miezi minne. Leo nimemwambia bibi yangu yote na amefurahi sana. Amekubali nikuoe. Kawivu kameisha kabisa. Anaomba tu mkae naye nyumba moja, umsaidie kupika."

Ameusoma. Ameanza kuandika, ameacha. Ameanza tena, ameacha tena. Nadhani furaha imemzidi.

Katika wiki hii yote nimejifunza jambo moja kubwa: Kiswahili cha Wakongo kina mitego, lazima mtu awe macho. Nashukuru Zulekha si wa huko. Mimi na yeye tunaelewana kila neno.

Hajaandika bado. Nimeiweka simu mezani, nimekaa mbele yake, koti sijavua. Nasubiri.